Nimeibadilisha Lenzi Yako, Mwende

Mwende,

Usinijibu salamu, kwa sababu sijakusalimu. Wiki tatu sasa umekuwa ukinipita humu ndani kama mimi ni jiko lililozimika, na mimi nikikupita kama wewe ni kamba ya nguo. Basi tuendelee hivyo hivyo, ila kwa karatasi. Kwa mdomo ungeniacha katikati ya maneno utoke nje ukipiga mlango, na huo mlango nimeurekebisha mara mbili mwaka huu.

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Kuanzia Kawangware mpaka hapa Kambi Muru, Kibera, hajawahi kutokea mtu wa kupiga picha gizani akanishinda mimi. Klabu zote za enzi ile zilinijua. Nikiingia, dijei alipunguza muziki, watu wakapanga mstari, wanawake wakapaka mafuta midomoni upya.

Haya. Nimeyasoma hayo tena, na mama yako amekohoa kule nyuma ya pazia kama mtu aliyeyasikia. Ni uongo. Nusu ya picha zangu zilitoka nyeusi ungedhani nimepiga ndani ya gunia la makaa. Nusu nyingine, watu walikuwa weupe kama wamemwagiwa unga, macho mekundu kama ya sungura. Dijei hakuwahi kunipunguzia chochote, na baunsa mmoja alinitoa nje mara nyingi mpaka tukawa marafiki. Shule nilifika darasa la sita. La saba nililichungulia dirishani tu. Kwa hivyo ukikuta makosa humu usinisahihishe, soma.

Mambo ya blanketi, ya neti, ya usikae karibu na nani kwenye basi, hayo mama yako amekwambia na atakwambia tena asubuhi. Amechemsha muthokoi wa kutosha basi zima mpaka Kisumu, kwenye hiyo kazi yako ya kupiga picha klabu. Mimi nina jambo moja tu, na utalichukia.

Fungua begi lako la kamera. Ile lenzi ndefu haimo.

Kabla hujapiga mayowe ukaamsha ploti nzima, haijaibwa. Nimeitoa mimi. Jana ulipoenda kusukwa nywele kule Olympic, niliifunga kwa kitambaa cha kanisa cha mama yako, nikaipeleka mjini kwa yule yule kijana wa kamera za mtumba aliyekuuzia, nikaibadilisha. Mahali pake utakuta lenzi fupi, nene, haifiki hata urefu wa kikombe. Ni ya milimita thelathini na tano, na tundu lake linafunguka mpaka moja nukta nane. Kando yake kuna betri mbili za ziada. Hizo nilimng'ang'ania kijana mpaka akasema, "Mzee, chukua tu uende, unafukuza wateja."

Risiti iko chini ya betri. Tumekubaliana naye kwamba ukitokea kabla ya saa nne, anakurudishia hiyo ndefu, mchi wako wa kutwangia. Anafungua saa mbili, na basi lako ni la saa tano. Muda unao. Mimi uhuni wangu nimeumaliza, uliobaki ni wako.

Najua unavyosema sasa hivi. Unasema, huyu mzee ni mwizi. Ni kweli. Nimechukua kitu cha mtu mzima bila kumuuliza, na ungenifanyia wewe ningekukimbiza mpaka reli. Kasirika vizuri. Lakini kasirika ukisoma.

Siku ile uliyokuja nayo nilikuwa nimekaa hapa hapa nikijikuna. Ukaingia ukicheka, ukaitoa kwenye karatasi, ukaivuta ikarefuka.

"Buda, cheki hii kitu," ukasema. "Nikikaa juu kwa balcony, nakushikia mse uso mzima akiwa kule chini anadance. Hata hajui."

"Tundu lake linafunguka mpaka ngapi?"

"Ukiivuta yote? Tano nukta sita."

"Hiyo si lenzi," nikakwambia. "Hilo ni bomba la maji. Gizani litaona nini?"

"Siku hizi kuna ISO, mzee, kamera inajiongezea mwanga. Napandisha tu. Wewe ni wa filamu, zako ni stori za jaba, za wala miraa. Na bosi ndiye amesema nije na lenzi ndefu, si mimi."

Hapo nikasema neno kuhusu bosi wako ambalo silirudii, kwa sababu mama yako husoma barua zangu kabla ya mwenyewe. Na wewe ukasema neno kuhusu mimi na ubao wangu wa picha ulioozea nyuma ya nyumba. Chai ikapoa. Mpaka leo.

Sasa sikiliza, maana siku ile hukunipa nafasi. Unadhani sijui dijitali. Nimekaa ile studio ya mtaa wa Satellite nikipiga watu pasipoti mpaka juzi juzi, na wale vijana walinifundisha kila kitu huku wakinicheka. Kuchekwa sijali, mradi najua.

Pandisha hiyo ISO yako mpaka ifike kwa malaika. Utapata picha, sikatai. Itakuwa na chenga kama uji uliokorogwa na mtu mvivu, na uso wa mtu utakuwa kama ukuta uliopigwa lipu vibaya. Ukiogopa chenga utapunguza kasi ya shata ili mwanga uingie kwa muda zaidi, na hapo kila anayecheza atatoka na mikono sita. Uliniambia ati lenzi yako ina mtambo wa kutuliza mtikisiko. Mama, inatuliza mkono wako wewe. Haimtulizi aliyelewa. Mtu anayecheza unataka umkamate kwa sehemu moja ya mia mbili ya sekunde hivi, na kwa kasi hiyo, gizani, lile bomba lako ni kipofu. Hii fupi inaingiza mwanga kama mara kumi ya ule. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipigiwa na kijana wa studio.

Na hata kulenga. Lenzi yenye tundu dogo gizani hutafuta uso kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli: mbele, nyuma, mbele, nyuma, na ikipata, mtu ameshaenda kujisaidia. Hii fupi inashika haraka. Ila ukiifungua yote, itashika jicho moja na kuliacha sikio kwenye ukungu, kwa hivyo lenga jicho, usilenge pua. Taa nyekundu za klabu zinakula uso. Punguza mwangaza kidogo kuliko kamera inavyotaka, na uhifadhi picha kama faili ghafi, inayorekebishika, usije ukalia baadaye. Mwili mpya wa kamera unaoutamani kununua, uutoe kichwani. Ulio nao unatosha. Kilichokuwa kibovu ni jicho lake, na nimelibadilisha.

Flashi? Flashi ukiinunua, geuza kichwa chake juu kwenye dari, usimpige nayo mtu usoni. Na klabu nyingi dari yake imepakwa rangi nyeusi, ambayo hairudishi chochote, kwa hivyo usiinunue. Kuhusu flashi niulize mimi.

Lakini usinifikirie vizuri. Kama ingekuwa ni mambo ya mwanga tu, ningekuacha uende na mchi wako ukapige giza, urudi hapa umenuna, na mimi nikucheke mpaka Krismasi. Hiyo ingekuwa raha yangu. Sikuiba lenzi kwa sababu ya ISO. Niliiba kwa sababu ya maneno mawili uliyosema ukicheka, na bosi wako aliyasema kabla yako kwa namna yake, siku alipokuja hapa na pete zake. Alikalia kiti changu, akasema, "Nataka watu wakijiachia. Nataka wasijue. Kesho yake nawaweka kwenye ukurasa wa klabu, wanajiona, wanarudi." Wewe ukaitikia kwa kichwa.

Hata hajui. Hayo maneno mawili.

Sasa nitakwambia kitu ambacho hata mama yako amekijua nusu tu, na nusu ya pili ataisoma hapa kesho kwa sababu hawezi kujizuia.

Nilikuwa na miaka kama ishirini na tisa. Nilikuwa nimehamia hapa Kambi Muru miezi michache tu, lakini kazi yangu ilikuwa Kawangware, kwenye klabu moja tuliyoiita Mlango Kijani. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua kitu kimoja. Fundi aliyenitengenezea kamera aliniambia, "Nunua lenzi fupi yenye tundu kubwa, utapiga bila kusumbua watu." Nikamwambia fundi hajui biashara. Nikanunua flashi. Ilikuwa kubwa kama sufuria ya ugali, na ikijaza moto ilikuwa inalia mlio mwembamba, wiiiii, kama mbu aliyesoma. Nilichagua flashi kwa sababu ya kishindo. Ikipiga, klabu nzima inageuka kuniangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote, Mwende. Nilitaka kuangaliwa. Ati mpiga picha.

Pale Mlango Kijani kulikuwa na msichana wa kuosha glasi. Alikuwa anaitwa Nafula. Alikuwa hapendi kukaa mbele. Akimaliza glasi zake alikuwa anakaa kwenye stuli kona ya nyuma, mgongo umeegemea ukuta, na kwenye ukuta huo mtu alikuwa amechora jogoo aliyevaa tai. Siku ya kwanza ya flashi yangu nilikuwa nataka kuijaribu mahali penye giza kabisa, na giza lote lilikuwa kwake.

Akaniona nikija. "Kaka, mimi usinipige," akasema.

"Picha moja tu."

"Usinipige. Tafadhali."

"Nyinyi wote husema hivyo," nikamwambia, "halafu kesho mnataka kopi mbili."

Nikapiga. Aliinua mkono kujificha, lakini akachelewa, mkono ukabaki chini ya kidevu.

Filamu yote ile iliharibika, isipokuwa hiyo moja. Ilitoka vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Uso wake wote, macho yake, ule mkono chini ya kidevu kama mtu wa kwenye kalenda, na nyuma yake jogoo na tai yake, rangi zote. Flashi haikuacha kitu.

Unaujua ubao wangu, ule ulioutukana. Wakati ule kila mpiga picha wa mtaa alikuwa na ubao wa sampuli. Unapiga kule, unatundika karibu na nyumbani, watu wa kwenu waone unajua kazi, wakuite harusini na matangani. Wangu niliupigilia kwenye mabati pale karibu na bomba la maji, hapa hapa Kambi Muru. Nikamweka Nafula katikati.

Kile nilichokuwa sijui ni kwamba Nafula alitoka hapa. Nyumba nne kutoka bombani. Alikuwa amemkimbia mumewe miezi minane iliyokuwa imepita, na umbali wote alioweza kufika ni Kawangware. Alibadilisha jina la pili, akasema ametoka Bungoma wiki hiyo hiyo, akajificha kwenye kona yenye giza kuliko zote. Mimi nikamtoa kule kwa flashi, nikamrudisha bombani.

Siku ya tatu akaja mwanamume na msumeno begani, seremala. Mpole. Akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ni mteja wa maana.

"Fundi," akasema, "kazi yako safi."

"Asante. Ni flashi mpya."

"Hii ni wapi?"

Hakuna aliyenilazimisha, Mwende. Hakunishika shati. Aliuliza tu, na mimi nikavimba kichwa. "Ni Kawangware, Mlango Kijani," nikasema. "Ukiona huyo jogoo umefika."

"Nitengenezee kopi moja."

Nikamtengenezea. Alipokuja kuichukua akaniuliza klabu hiyo hujaa siku gani, nikamwambia Jumamosi. Nikamwambia hata saa. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi nilikuwepo. Alipoingia nilimtambua nikafurahi, nikajua sasa nina mteja wa kunifuata mpaka kazini. Nikamwinulia mkono. Hakuniona. Alienda moja kwa moja mpaka kwa jogoo, akachukua chupa ya soda mezani kwa mtu, na akampiga nayo Nafula hapa, kwenye taya. Mara mbili. Ya kwanza ilisikika juu ya muziki. Ya pili muziki ulikuwa umezimwa.

Unataka kujua baba yako alifanya nini. Baba yako, simba wa Kambi Muru, alisimama na flashi mkononi ikilia wiiiii, ikijaza moto. Nilisimama hivyo mpaka taa yake ndogo ikawaka kuniambia iko tayari. Wateja ndio waliomshika yule mwanamume, wakampa yake, akaponyoka, na hajaonekana tena mtaani. Wahudumu ndio waliombeba Nafula kwa mkokoteni mpaka hospitali. Mimi nilirudi huku kwa miguu, nikautoa ubao bombani nikauweka nyuma ya nyumba, uso ukiangalia ukuta. Ndiyo maana umeoza. Si uvivu. Uvivu ninao, lakini si kwa hilo.

Hakuna aliyenishtaki. Watu walisema, mume amemtafuta mkewe akampata, basi. Jina langu halikutajwa hata mara moja. Wewe huwezi kujua ubaya wa hiyo.

Sasa nikuulize. Unakumbuka tulivyokuwa tunaenda Satellite kununua maharagwe? Ulikuwa unabeba ule mfuko ukilia njia nzima. "Kwani Kibera hakuna maharagwe?" Kila mwezi. Mama yako naye mpaka leo huniuliza kwa nini natembea mpaka Satellite kwa kilo mbili za maharagwe ya nyayo. Na unamkumbuka Mama Maharagwe, yule mwenye taya lililopinda, aliyekuwa anakuwekea njugu mkononi?

Ndiye.

Miaka yote hiyo amenipimia maharagwe, na hajawahi kunisalimia. Siku ya kwanza nilipotokea kibandani kwake aliniangalia mpaka nikataka kuzama, kisha akasema, "Ngapi?" Nikasema mbili. Akapima, akafunga. Sijawahi kumwomba msamaha. Nimeenda na maneno mdomoni kila mwezi, nikarudi nayo pamoja na maharagwe. Usiniambie nimwombe kesho. Najua njia ya Satellite.

Lakini kuna siku moja, na hii ndiyo ninayotaka uikumbuke wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tano, umepata ile simu ya kwanza yenye kamera, unapiga kila kitu, mbwa, matope, mguu wangu. Tukafika kibandani, ukainua simu umpige. Akainua mkono, na mkono ukasimama chini ya kidevu. Vile vile.

Ukaishusha simu. Hakuna aliyekufundisha.

"Auntie, hutaki?" ukamuuliza.

"Sitaki."

"Sawa," ukasema, ukaiweka simu mfukoni, ukaomba njugu.

Akacheka, Mwende. Kwa taya lile. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, hata zamani kabla ya chupa. Akakujazia mikono miwili.

Kwa hivyo hiki ndicho kilichonikasirisha wiki tatu. Kwamba hujui tundu la lenzi, hilo utafundishwa. Kilichonichoma ni kwamba ulipokuwa na miaka kumi na tano ulijua kitu ambacho mimi kwa ishirini na tisa sikukijua, halafu akaja mtu mwenye pete, akakalia kiti changu, ukakisahau kwa dakika kumi. Hata hajui! Ukicheka! Ningeweza kukuzaba kofi, na wewe ni mkubwa, na umepewa jina la mama yangu, sikuwezi. Nikaiba.

Usidhani pia hii lenzi fupi ni takatifu. Nimefikiria hilo, sikulala. Haitoi mwanga, haipigi kelele, mtu mbaya anaweza kuiba nayo sura ya mtu kimya kimya kuliko mimi na sufuria yangu. Flashi angalau ilikuwa inapiga hodi, ingawa kwa kuvunja mlango. Lakini hii fupi ina kilema kimoja ninachokipenda. Haivuti. Kutoka juu kwenye balcony itakupa vichwa tu, kama kunguni kwenye blanketi. Ukitaka uso wa mtu utashuka ngazi, utapita katikati ya jasho, utasimama karibu naye mpaka anuse muthokoi wa mama yako. Atakuona. Akitingisha kichwa, utaona kichwa kikitingishika. Baada ya hapo ukimpiga, ni wewe umempiga, si lenzi, na hutaweza kuja kunidanganya mimi.

Wanaoenda gizani si wote wezi wala wazinzi, ingawa wazinzi pia watakuwepo na watakuwa wengi. Wengine wameenda kwa sababu ndipo mahali pekee palipowabakia. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Mimi nilimtazama Nafula miezi nikaona msichana mwenye haya.

Najua bosi wako anaweza kukufukuza siku ya kwanza. Amesema uje na ndefu, wewe uje na kikombe. Pengine nimekuharibia kazi kabla hujaianza, na utanichukia Kisumu nzima, na utakuwa na haki. Sina la kukwambia la kukutuliza. Nilishaharibu kikubwa kuliko hicho kwa sababu ndogo kuliko hii. Lakini kabla hajakufukuza, mwonyeshe picha kumi za karibu za watu waliokubali, wakicheka na kamera, macho yao yako ndani ya lenzi. Akiwa na akili ya mfanyabiashara atanyamaza. Akiwa hana, basi pete zake zote hazina faida, na blanketi lako liko hapa, hakuna atakayelilalia isipokuwa paka.

Na ukitaka mchi wako, nenda kauchukue. Kweli. Sitasimama mlangoni. Saa mbili mjini, saa nne uko stendi, hutachelewa. Ukiuchukua sitakuandikia tena barua ya kuiba, nitakununia tu kwa kawaida.

Kimebaki kitu kimoja, na hiki si ombi, hii ni haki yangu unayoikalia. Siku ile ya njugu, tukirudi nyumbani, uliniambia, "Basi kama auntie hataki, nitakupiga wewe, buda." Nikasema haya, piga. Ukasema, "Si na hii simu. Nikipata kamera ya ukweli. Promise." Ulisema kwa mdomo wako, ukiwa na njugu ndani. Umepata kamera ya ukweli. Umepiga rafiki zako, umepiga paka, umepiga mtu wa mayai. Mimi nimepiga maelfu ya watu, na picha yangu ya peke yangu ni ile ya kitambulisho, ambayo nimefanana na mtu aliyekamatwa.

Asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye stuli, hapa karibu na mlango. Usiwashe taa. Fungua mlango nusu, mwanga wa nje uniingie upande mmoja, utatosha kwa tundu hilo. Weka hiyo lenzi fupi, usogee mpaka nikuone hata kope. Halafu uniulize kwanza. Useme, "Baba, nikupige?"

Ya kwanza nitakataa, kwa ukaidi tu. Ushushe kamera kabisa. Nataka kuuona huo mkono ukishuka.

Kisha uniulize tena.

Mimi baba yako, ambaye hajalala na anajifanya amelala.